Nyama ya Shukrani Hailali

Siku moja ya Mungu, katika kanisa moja la hapa Kolwezi, upande wa Kapata, kijana mmoja alisimama wakati wa matoleo. Alivaa shati nyeupe ya kuazima, na mkono wake wa kuume ulikuwa umefungwa kitambaa. Majuma mawili mbele alikuwa chini ya shimo katika karieri wakati udongo ulipoanguka. Walikuwa watano. Watatu walitoka. Yeye alikuwa wa mwisho kuvutwa kwa kamba.

Siku ile alileta mbuzi. Alileta tena mfuko mzima wa bunga na bahasha yenye dola 100. Kwaya iliimba, wamama walipiga vigelegele, mchungaji akamwekea mikono na kuomba. Kijana alisema maneno machache tu:

"Bwana asifiwe. Sina mambo mingi ya kusema. Nilikuwa mu shimo, sasa niko muzima. Njo maana nimeleta hii."

Watu wakaitika Amina. Lakini ibada ilipokwisha, mama mmoja mzee, mjane wa mfanyakazi wa Gécamines, alimwita kijana pembeni akamwuliza:

"Mutoto wangu, Mungu akubariki. Sasa ile mbuzi, tutaikula na nani?"

Kijana alifikiri mama anaomba nyama. "Mama, utapata fungu yako, usikuwe na mashaka."

"Wapi! Haiko juu yangu. Nauliza hivi: mulikuwa batano mu shimo. Bale babiri benye kufa, bibi zao beko wapi leo?"

Kijana alinyamaza. Mjane mmoja alikuwa amekaa siku ile ile kwenye benchi ya nyuma, pamoja na watoto wake watatu. Aliimba na wengine wakati mbuzi ilipopita mbele yake. Mjane wa pili hakuwa mtu wa kanisa letu.

Wapenzi wasomaji, makala hii yote inatoka katika swali la yule mama. Hapa kwetu kutoka mu shimo si neno la mfano. Tarehe 27 Juni 2019 karibu watu arobaini walikufa siku moja pale KOV, na mara nyingi wengine wanakufa mmoja mmoja bila radio kutaja. Kwa hiyo kila siku ya Mungu, katika makanisa yetu yote, wako watu wanaotaka kumshukuru Mungu kweli kweli juu ya uzima. Ni vizuri. Lakini shukrani ya kweli inatembea namna gani? Inaishia kwenye kikapu mbele ya madhabahu, ao inaendelea na njia?

Sheria ya nyama

Fungua kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 7, mistari ya 11 mpaka 15. Pale Mungu anampa Musa sheria za sadaka za amani. Kati ya sadaka hizo iko moja inayoletwa juu ya kushukuru. Mtu ametoka katika hatari, ao amepona ugonjwa, ao amerudi salama safari ya mbali, na sasa anataka kusema asante. Analeta mnyama, na pamoja naye mikate ya namna mbalimbali, isiyotiwa chachu na iliyotiwa chachu. Fungu moja ni la kuhani. Lakini nyama nyingi inarudi kwa yule aliyetoa, ili aile.

Kisha inakuja sheria ambayo wengi tunaisoma haraka na kuipita. Nyama ile iliwe siku ile ile. Hata kipande kimoja kisibaki mpaka asubuhi.

Angalia vizuri. Mstari wa 16 unaonyesha kwamba sadaka ya nadhiri ao ya kupenda tu inaweza kuliwa hata siku ya pili. Ile ya shukrani, hapana. Siku moja tu.

Sasa wewe mama unayepika, piga hesabu. Mbuzi mmoja, bwana na bibi na watoto wanne. Hata wakila asubuhi, saa sita na mangaribi, wataimaliza? Na kama ni ng'ombe? Na ile mikate yote juu yake? Mtu wa Israeli aliyetaka kushika sheria hii alikuwa na njia moja tu, ndiyo kuita watu. Aite jirani, aite ndugu, aite maskini anayepita njiani. Walimu kadhaa wa Kiyahudi wa zamani walieleza sheria hii hivyo hivyo. Mungu alipanga shukrani kwa namna ambayo mtu hawezi kuifanya peke yake na mlango umefungwa. Wale wanaokula wanauliza: "Kumetokea nini?" Na yeye anaeleza mambo Mungu aliyomtendea.

Kumbukumbu la Torati, sura ya 26, inafundisha namna moja. Mkulima anachukua malimbuko ya shamba lake katika kikapu. Anasimama mbele ya Mungu, na kwanza anasimulia kwamba babu yake alikuwa mtu wa kutangatanga, na taifa lake walikuwa watumwa Misri mpaka Mungu alipowatoa. Kisha, katika mstari wa 11, anaambiwa afurahi. Lakini afurahi pamoja na nani? Pamoja na jamaa yake, na Mlawi, na mgeni anayekaa kati yao. Mstari wa 12 unaongeza yatima na mjane.

Yule mama mzee pengine hakufikiri juu ya Mambo ya Walawi alipouliza swali lake. Lakini aliuliza swali la Biblia.

"Kazi njo baba, kazi njo mama"

Sisi watu wa inchi ya shaba tuko na historia yetu ya kusimulia mbele ya kikapu, sawa na yule mkulima.

Wakati wa Union Minière, na kisha wakati wa Gécamines, mfanyakazi hakupata mshahara peke yake. Alipewa nyumba katika kambi, hospitali, shule ya watoto, na posho ya bunga na vyakula vingine. Wazazi wetu walizoea kusema, "Kazi njo baba, kazi njo mama." Hawakusema uongo. Kampuni ililisha, ilitibisha, ilifundisha, hata ilizika.

Katika mwaka wa 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 450.000 za shaba. Mwezi wa 9 wa mwaka 1990, mgodi wa chini ya udongo wa Kamoto ulianguka. Katika mwaka wa 1994 shaba yote ya kampuni ilikuwa imeshuka mpaka karibu tani 30.000. Mishahara ilichelewa miezi na miezi. Kisha kuanzia mwaka wa 2003, wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliondoka katika ule mpango wa "kuondoka kwa kupenda" uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Wengi wao wangali wanasema mpaka leo kwamba neno "kupenda" halikuwa lao.

Sisi tuliokuwa vijana wakati ule tunakumbuka kikapu cha matoleo kilivyobadilika. Feza ya karatasi ilikuwa inapoteza bei kati ya asubuhi na mangaribi, na wengi hawakuwa nayo hata kidogo. Watu walianza kuleta muhindi, muhogo, viazi vitamu, makala. Mwalimu asiyelipwa alileta fungu la sombe alilolima nyuma ya nyumba. Mchungaji na jamaa yake walikula kutoka mezani pale, na kilichobaki kilienda kwa wagonjwa. Hakuna aliyeita jambo lile mpango wa maendeleo. Ilikuwa kuishi tu.

Lakini tulijifunza jambo moja ambalo miaka ya posho haikutufundisha. Posho ilikuwa malipo ya kazi, na mtu akizoea malipo anaweza kusahau kushukuru. Wakati "baba" alipotuacha njiani, ndipo wengine walitambua kwamba Baba mwingine alikuwa anawalisha tangu mwanzo, kupitia mikono ya kampuni, kisha kupitia mikono ya jirani. Shukrani iliyosimama juu ya posho ilikwisha pamoja na posho. Ile iliyosimama juu ya Mungu iliendelea kuleta muhogo.

Kutoa si kununua bahati

Siku hizi tunasikia mahubiri mengine, ku radio na ku megafoni, yanayosema hivi: panda mbegu ya dola kumi, utavuna mia. Lipa kwanza, Mungu atafungua shimo lako. Kijana anayeshuka chini bila kujua kama atapata mawe mazuri ao udongo mtupu, maneno haya yanamwingia haraka. Yanafanana na mambo anayofanya kila siku, maana anatia feza katika shimo na kungojea.

Ndugu, pima tofauti. Biashara inaangalia mbele na kuuliza, "Nitapata nini?" Shukrani inaangalia nyuma na kusema, "Niliisha kupata." Anayetoa kwa kufanya biashara na Mungu, shimo lisipotoa kitu, atakasirika, kwa sababu anafikiri Mungu ana deni lake. Anayetoa kwa kushukuru hana deni la kudai. Alipokea mbele ya kutoa.

Katika Luka 17, wenye ukoma kumi walipona njiani. Tisa waliendelea na safari, na mmoja akarudi. Yesu hakuwanyang'anya wale tisa uzima wao, na yule mmoja hakurudi ili apone, maana alikuwa amekwisha kupona. Hakuna kitu alichokuwa bado anatafuta. Alirudi juu ya Mtu aliyemponya.

Kusema kweli, Mungu anabariki wenye kutoa. Paulo anasema hivyo katika 2 Wakorinto sura ya 9. Lakini soma mpaka mwisho wa sura. Baraka ile inatolewa ili wapate kutoa zaidi, na matunda yake ni kwamba maskini wanasaidiwa na watu wengi wanamshukuru Mungu. Paulo hakuahidi mtu gari.

Toleo na mizani

Liko jambo lingine ambalo tunapaswa kulisema wazi katika eneo hili la migodi.

Mchimbaji anafika ku depo na mifuko yake. Mizani inasema kilo 40, naye anajua mgongoni mwake kwamba ni zaidi. Mashini ya kupima nguvu ya kobalti inasema asilimia ndogo. Anachukua kile anachopewa kwa sababu watoto wanangojea. Kama yule aliyeharibu mizani anakuja kanisani siku ya Mungu na bahasha kubwa, na tunamwita mbele na kumpigia makofi, tumefanya nini?

Zakayo (Luka 19) anatuonyesha utaratibu. Alitoa nusu ya mali yake kwa maskini. Na wale aliowanyang'anya kwa udanganyifu, aliahidi kuwarudishia mara nne. Kurudisha ni jambo moja, kutoa ni jambo lingine. Feza ya mtu mwingine haigeuki kuwa zawadi kwa Mungu kwa sababu tu imetiwa katika bahasha ya kanisa.

Sawa vile kwa makampuni. Sheria ya migodi iliyobadilishwa mwaka wa 2018 inaagiza kampuni ya migodi itenge angalau 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wanaokaa karibu. Kisima kikichimbwa kwa feza ile, tufurahi na tukitunze vizuri. Lakini lile ni deni linalolipwa, si sadaka, na watu wasilazimishwe kupiga magoti mbele ya kisima chao.

Na katika nyumba zetu? Katika Marko 7, Yesu alikemea watu waliosema mali yao imewekwa kwa Mungu, kumbe walikuwa wanakimbia kusaidia baba na mama zao. Baba anayetoa bahasha kubwa ili jina lake lisomwe, huku mama yake mzaa anakaa bila dawa, asome sura ile. Na mchungaji anayepokea, asome naye.

Kwa upande wa makanisa, Paulo alipokusanya msaada kwa maskini wa Yerusalema, hakubeba feza peke yake. Alikwenda pamoja na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili mtu asipate neno la kumlaumu (2 Wakorinto 8:18-21). Basi kusoma hesabu za matoleo mbele ya watu wote si kumkosea pasta ao padri heshima. Ni kumlinda.

Mwenye mkono mtupu

"Lakini sisi tusio na kitu?" Swali hili tunalisikia sana, na ni la haki. Wote wanaouza mbele ya nyumba zao, kutoka Manika mpaka Kasulo, wanajua mwaka huu na mwaka ule havifanani. Katika mwaka wa 2018 tani moja ya kobalti ilipita dola 90.000 katika soko la dunia. Mwanzo wa 2025 ilikuwa imeshuka chini ya 25.000, na mwezi wa 2 wa mwaka ule Serikali ilisimamisha kutuma kobalti inje ya inchi. Mwezi wa 10 ikafungua tena, lakini kwa kiasi kilichopimwa. Mambo haya yanaamuliwa mbali, lakini yanafika mpaka katika chungu cha mama anayeuza mikate pembeni ya barabara.

Wakristo wa Makedonia walikuwa maskini sana, tena katika mateso. Paulo anasimulia katika 2 Wakorinto 8 kwamba wao wenyewe walimsihi awaruhusu kusaidia. Siri yao iko katika mstari wa 5. Walijitoa wao wenyewe kwanza, kisha feza ikafuata. Na mstari wa 12 unatuliza moyo, maana toleo linapimwa kwa kile mtu alicho nacho, si kwa kile asicho nacho. Paulo anaongeza mara moja kwamba hataki wengine wapumzike na wengine waumie. Kwa hiyo mtu asiwaache watoto wake na njaa juu ya kuogopa macho ya watu kanisani. Tena, mbele ya kusimulia sarafu mbili za mjane, Yesu alikemea viongozi wanaokula nyumba za wajane (Marko 12:40). Tusisome hadithi ya mjane na kuruka mstari ule.

Mtu asiye na feza anaweza kutoa nini? Wengi wetu tunajua jibu, tumelisahau tu. Kwenye kilio, yule anayekuja kuchota maji na kulala chini na wafiwa usiku kucha ametoa. Kijana aliyesoma, anayemwandikia mzee barua ya kudai haki yake, ametoa. Mama anayepika bukari na kuongeza kikombe kimoja cha bunga kwa ajili ya mtoto wa jirani, ametoa. Mgonjwa anayeombea wengine kwa majina yao, ametoa.

Siku moja baba mmoja alirudi kutoka karieri bila kitu, siku ya posho. Mtoto wake akamwuliza: "Papa, kesho tutatoa nini ku kanisa?" Baba akajibu: "Tutaenda tu. Niko muzima, njo kitu ya kwanza. Kisha tutapita kwa muzee mwenye hawezi kutembea, tumubebe ku kiti." Asubuhi walifanya hivyo. Mzee yule alikuwa hajafika kanisani miezi minane.

Mgeni aliyerudi

Yule mwenye ukoma aliyerudi kushukuru, Luka anataja kabila lake. Alikuwa Msamaria, mgeni, mtu ambaye wengine hawakukula naye. Yesu mwenyewe alisema jambo hili kwa sauti.

Inchi yetu ina mifano. Miaka zaidi ya mia imepita, Shalumbo, mtu aliyekuwa zamani mkamata watumwa, aliipokea Injili kule Angola. Angeweza kukaa kule kwa amani. Lakini alirudi katika inchi ya Waluba, akajiunga na W.F.P. Burton kule Mwanza, akawahubiri watu wa inchi ambamo zamani watu walikamatwa na kuuzwa. Kutoa kwake kulikuwa kujitoa mwenyewe.

Karibu na sisi zaidi, Sista Catherine Mutindi wa Shirika la Mchungaji Mwema alitoka Kenya akaja Kolwezi. Pamoja na masista wenzake alianzisha kazi ya kutoa watoto katika karieri na kuwapeleka shule, na kuwafundisha wamama kazi nyingine. Yeye mgeni aliona watoto wetu tulipokuwa tumezoea kuwapita.

Na tunapaswa kukumbuka siku ambapo sisi wenyewe tulishindwa. Katika miaka ya 1992 na 1993, jamaa nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa kutoka Kolwezi na Likasi. Watu waliozaliwa hapa, walioimba nasi katika kwaya moja, walilala ku gare majuma na majuma wakingojea treni, na watoto walikufa pale. Wako waumini waliobeba maji na bukari ku gare usiku, wakijua wataitwa wasaliti. Wako wengine waliokwenda kuingia katika nyumba zilizobaki wazi. Wote walikuwa wanatoa matoleo siku ya Mungu. Hatuandiki haya ili kufungua kidonda, lakini ili vijana wajue. Shukrani isiyomwona mgeni inaweza kujaza kikapu, na Mungu asiipokee.

Kwa vijana: hatua ndogo

Kijana anayepata malipo yake ya kwanza, mu kampuni ao mu karieri ao ku soko, mara nyingi anavutwa na pande mbili. Marafiki wanasema, "Leo ni siku ya kunywa." Wengine wanamwambia alete yote kanisani. Sisi tunashauri hivi.

Kwanza, kaa kimya kidogo na utaje kwa jina mambo uliyopokea. Mtu asiyehesabu wema wa Mungu atatoa kwa haya ao kwa woga. Pili, toa fungu lako kwa Mungu mbele ya matumizi, kadiri ya uwezo na bila tarumbeta. Tatu, siku ile ile utafute mtu mmoja wa kula naye, ambaye hawezi kukurudishia. Nne, lipa madeni yako, zaidi ya yote kwa wale waliofanya kazi pamoja nawe shimoni. Mshahara wa mwenzako usilale kwako.

Mbuzi ilivyoliwa

Tumalize na ile mbuzi.

Kijana hakupeleka nyama kwake. Ilichinjwa siku ile ile, nyuma ya nyumba ya mjane wa kwanza, na wamama wa kanisa walipika pale. Watoto wake watatu walikula mpaka wakalala wameketi. Chungu cha pili kilibebwa kwa moto mpaka kwa mjane wa pili. Mara ya kwanza alifunga mlango. Alifikiri tumekuja kumvuta kwa kanisa letu. Yule mama mzee alimwita kwa sauti ya chini: "Mama, fungula tu. Hatukuje kuhubiri. Tumekuja kukula na weye."

Akafungua. Tulikula kwa muda mrefu bila mazungumzo. Kisha kijana, na mkono wake uliofungwa, akaanza kusimulia namna bwana wa mama yule alivyomsukuma mbele yake kwenye kamba wakati udongo ulipoanza kuanguka. Mama hakuwa amesikia jambo lile. Hakuna mtu aliyekuja kumweleza.

Dola 100 ziliandikwa mbele ya watu wote. Fungu moja lilikwenda kwa kazi ya kanisa, na fungu lingine kwa madaftari na nguo za shule za watoto wa nyumba zile mbili. Haikumaliza mambo. Mwaka wa shule ni mrefu, na dola 100 inakwisha haraka. Lakini mangaribi ile, katika chungu hakukubaki kipande cha nyama cha kulala.

Ya kuzungumza katika jamaa na katika chama cha vijana

1. Soma Mambo ya Walawi 7:11-15. Jamaa yetu ilipopata jambo jema mara ya mwisho, tulikula na nani?

2. Ni nani katika avenue yetu anayeimba na sisi siku ya Mungu, lakini hatujui anakula nini siku ya posho?

3. Kuna kitu ambacho tunapaswa kurudisha mbele ya kutoa?

4. Tufanye nini juma hili, bila feza, kumshukuru Mungu kwa kumsaidia mtu asiye wa kanisa letu?